Nani Anapika? Risoti, Vila na Nyumba ya Kupanga katika Visiwa vya Karibi

Matangazo ya visiwa vya Karibi yanafanana yote: mchanga mweupe, mnazi ulioinamia maji, wawili wakitembea pekupeku. Picha hizo hazimsaidii anayepanga likizo, kwa sababu bahari ni ile ile kwa mgeni wa risoti, wa vila na wa chumba cha kupanga. Kinachotofautiana ni kazi. Kila siku ya likizo ina kazi zake: kupika, kuosha vyombo, kufua, kutafuta usafiri, kuamua mle wapi na saa ngapi. Unapochagua malazi, unaamua nani atazifanya.

Ndiyo maana nashauri watu waanze na swali la jikoni: nani anapika? Risoti mpishi yupo, ila humwoni wala hakujui. Vila inayokuja na wahudumu, anapika mtu mwenye jina, katika jiko lenu, chakula mlichokubaliana naye. Nyumba ya kupanga mnapika wenyewe, au mnatoka kutafuta. Ukishajibu hilo kwa ukweli, mambo ya bei, ufukwe na usafiri hujipanga nyuma yake.

Nitatumia visiwa viwili, Jamaika na Barbados. Jamaika ndiko risoti ya kulipia yote ilikokomaa, na ndiko desturi ya vila yenye mpishi ilikokita mizizi. Barbados, hasa pwani yake ya kusini, inafaa kuonyesha maisha ya mpangaji.

Risoti: kulipa kabla ya kuondoka nyumbani

Mtindo wa kulipia malazi, chakula, vinywaji na michezo kwa bei moja ulianzia Ulaya. Mwaka 1950 Gérard Blitz alifungua kijiji cha mahema katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, na kukiita Club Méditerranée. Karibi iliuchukua mtindo huo na kuupa sura nyingine. Mwaka 1976, serikali ya Jamaika ilipotangaza hali ya hatari kutokana na ghasia za kisiasa, hoteli ya Negril Beach Village ilifunguliwa magharibi mwa kisiwa. Miaka mitano baadaye, 1981, Gordon “Butch” Stewart, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza viyoyozi, alinunua hoteli iliyochakaa huko Montego Bay, akaikarabati na kuifungua kwa jina la Sandals ikiwa na vyumba 99. Leo jina hilo linajulikana Karibi nzima.

Miaka hiyo inaeleza mengi. Wageni waliokuwa wakisoma habari za risasi za Kingston waliogopa kutoka hotelini. Risoti iliwapa kila kitu ndani ya ua: chakula, muziki, mashua, hata harusi. Hofu ilipopungua, starehe ya kutoamua lolote ilibaki, na ndiyo inayouzwa hadi leo. Mgeni hutii kengele ya tumbo lake tu. Hafungui pochi, hahesabu soda za watoto, hagombani na mwenzake kuhusu bili.

Sidharau starehe hiyo. Kwa maharusi waliotoka kuandaa sherehe ya watu mia nne, kwa wazazi wenye watoto wadogo wanaohitaji mtu wa kuwachezesha, kwa mzee anayetaka lifti, daktari wa karibu na chakula kisichochelewa, risoti ni jibu zuri. Inamfaa pia anayesafiri na bajeti isiyotanuka: kiasi alicholipa kabla ya kupanda ndege ndicho karibu kiasi atakachotumia.

Neno “yote”, hata hivyo, lina mipaka, na mipaka hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Uliza kama usafiri kutoka uwanja wa ndege umo. Uliza kama migahawa yote iko wazi kwako, au ule wa samaki una malipo yake au unahitaji kuwekewa nafasi siku mbili kabla. Michezo ya majini yenye injini, kupiga mbizi na kukandwa mwili mara nyingi hulipiwa kando. Uliza na desturi ya bahshishi: ziko risoti zinazowakataza wafanyakazi kuipokea, na ziko ambazo mshahara wa mhudumu ni mdogo kiasi kwamba bahshishi ndiyo inayomsomeshea mtoto.

Kisha kuna jambo la ufukwe. Nchini Jamaika, sheria ya udhibiti wa fukwe ya mwaka 1956 iliweka haki za ufuo mikononi mwa dola, na haikuwapa wananchi haki ya jumla ya kuutumia kuogelea. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya mchanga mzuri wa kaskazini imezungushiwa ua, na Wajamaika wenyewe wamefika mahakamani kudai njia ya kwenda bahari waliyokulia. Barbados ni tofauti. Huko ufukwe ni wa umma, na hata mbele ya hoteli za bei kali za pwani ya magharibi, mkazi anaweza kutandika taulo lake bila kuombwa kitambulisho. Kwa hiyo risoti ya Jamaika hukutenga na wenyeji kuliko risoti ya Barbados, na anayetaka kukutana na watu wa kisiwa ajue hilo kabla ya kulipa.

Vila: nyumba na watu wake

Mwaka 1946 mwandishi Mwingereza Ian Fleming alijenga nyumba juu ya mwamba huko Oracabessa, kaskazini mwa Jamaika, akaiita Goldeneye. Mwaka 1952 aliandika humo riwaya yake ya kwanza ya James Bond. Nyumba ilikuwa ya kawaida mno. Mwigizaji Noël Coward aliipanga mwaka 1948 na kulalamikia mengi. Iliwezekana kuishi humo kwa sababu ya Violet Cummings, mwanamke wa pale aliyeitunza na kumpikia Fleming miaka yote. Mwaka 1953 ilifunguliwa Round Hill, magharibi mwa Montego Bay, hoteli iliyozungukwa na vila za watu binafsi, Coward akiwa miongoni mwa wenye vila wa kwanza. Desturi ikawekwa: ukipanga vila Jamaika, unapanga pamoja na watu wanaoijua.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Vila nyingi za kisiwa hicho huja na mpishi, msafishaji ambaye pia hufua, na mtunza bustani anayeangalia bwawa la kuogelea. Bei ya wiki inalipia nyumba na mishahara yao. Chakula mnanunua nyinyi. Kabla ya kufika mnatumiwa karatasi ya kujaza: nani hali nini, mnapenda kifungua kinywa saa ngapi, watoto ni wangapi. Mpishi hufanya ununuzi wa kwanza kwa fedha mlizotanguliza, na mkifika anawakabidhi risiti na chenji. Baada ya hapo mnakaa naye jikoni kila jioni, mnapanga kesho.

Hapo ndipo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anapogundua kuwa hakwenda mbali sana. Kalalu wanayopika asubuhi Jamaika ni mchicha. Wali wao wa Jumapili hupikwa kwa tui la nazi pamoja na maharage, na msimu wa Krismasi kwa mbaazi mbichi. Tunda linalochomwa juu ya moto hadi ganda liwe jeusi ni shelisheli, lililoletwa kisiwani mwaka 1793 kwa merikebu ya William Bligh ili liwe chakula cha watumwa. Kuna na aki, tunda lenye asili ya Afrika Magharibi, linalokaangwa na samaki wa chumvi. Aki ambayo haijapasuka yenyewe mtini ina sumu. Mpishi wa kisiwani anajua ipi imeiva, anaondoa utando mwekundu na mbegu nyeusi, anaichemsha na kumwaga maji yake. Mgeni aliyeinunua sokoni kwa kupenda rangi yake hajui. Mpishi huyo anakupikia, na tena anakuvusha salama katika chakula cha nchi.

Adabu ya vila ina kanuni chache. Siku ya kwanza mjue kila mmoja kwa jina, na muulize anapenda kuitwaje. Mtu mzima kisiwani huitwa kwa heshima, kama kwetu. Mwambieni mpishi siku mtakazokula nje, asipike bure. Msimwombe abaki hadi usiku wa manane kwa sababu tu yupo. Bahshishi ya mwisho kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya bei ya nyumba, ikigawanywa kwa wafanyakazi wote, na ni vizuri kuuliza mapema inagawanywaje ili mtunza bustani asisahaulike. Iingizeni katika bajeti tangu mwanzo. Aliyewapikia wiki nzima asiachiwe makombo ya pochi asubuhi ya kuondoka.

Vila pia ina upweke wake. Nyingi ziko juu ya vilima au mwisho wa barabara yenye mashimo. Bila gari au dereva, watoto waliozoea mji watachoka siku ya tatu. Vilevile vila si zote zina ufukwe. Nyingine zina mandhari ya bahari tu, na bahari yenyewe iko dakika ishirini chini ya kilima. Maneno hayo mawili, “ufukweni” na “mandhari ya bahari”, yasomeni polepole.

Nyumba ya kupanga: kukaa mtaani

Barbados ni kisiwa kidogo, urefu wake kama kilomita 34, na hilo humpa mpangaji nafuu kubwa: hakuna mahali palipo mbali mno. Pwani ya kusini, kuanzia Hastings kupitia Worthing hadi St. Lawrence Gap, imejaa fleti na nyumba ndogo za kupanga kwa usiku au kwa wiki. Unashuka ngazi, unavuka barabara, uko baharini. Kutoka Hastings hadi Rockley kuna njia ya miguu kando ya maji, ambako alfajiri utakutana na wazee wakifanya mazoezi, na watakusalimia. Mrudishie salamu kila mmoja. Barbados asiyesalimu anahesabiwa hana malezi.

Usafiri ni ZR, gari dogo jeupe lenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, linaloitwa kwa herufi zilizo kwenye namba yake. Mtu wa daladala au matatu hatafundishwa lolote: muziki juu, kondakta anaita, abiria wanabanana, anayeshuka anapaza sauti. Namba 11 inatoka Bridgetown na kufuata pwani ya kusini hadi Silver Sands. Nauli ni moja kwa safari fupi au ndefu. Mwaka 2019 ilipandishwa hadi dola 3.50 za Barbados, na dola mbili za huko ni sawa na moja ya Marekani tangu mwaka 1975. Kwa nauli hiyo unafika Oistins, mji wa wavuvi, ambako Ijumaa usiku watu wa kisiwa na wageni hukaa meza moja wakila jodari na dorado waliochomwa. Soko la samaki liko pale pale. Ukiwa na jiko lako, unanunua samaki panzi walioondolewa miiba na mama mwenye kisu chembamba, kazi anayoifanya huku akizungumza na watu watatu, na jioni unawapika na sima ya unga wa mahindi na bamia, kama Wabarbados wenyewe.

Huo ndio uzuri wa kupanga: unaishi kwa kipimo cha mkazi. Fedha yako inaingia moja kwa moja kwa muuza samaki, kondakta na mwenye duka la kona. Anayefanya kazi kwa kompyuta anaweza kukaa mwezi mzima kwa gharama ya wiki moja ya risoti. Vijana wanaosafiri wawili wawili, wapenzi wa kupika, watu wanaorudi kisiwani mara kwa mara, hao wapange nyumba bila kusita.

Lakini chunguzeni mambo manne kabla ya kutuma malipo. La kwanza ni ada ya usafi na kodi, ambazo huonekana mwishoni na zinaweza kuongeza sana bei ya siku tatu. La pili ni bili ya umeme: baadhi ya wenye nyumba hutoza kiyoyozi kando kwa mita. La tatu ni maji. Barbados ina uhaba wa maji, na maeneo ya vilimani hukatiwa mara kwa mara, kwa hiyo nyumba iwe na tangi. La nne ni umeme wenyewe. Jamaika hutumia volti 110 na Barbados 115, nasi tumezoea 230 au 240. Chaja ya simu itafanya kazi kwa plagi ya kubadilisha. Pasi na birika ulivyotoka navyo Nairobi au Dar es Salaam haviwezi.

Hesabu ya vichwa na hesabu ya paa

Risoti inahesabu vichwa, vila inahesabu paa. Bila kulijua hilo, bei zinazotangazwa hupotosha. Chukueni tarakimu za mfano, ambazo si bei za mahali fulani. Risoti inatoza dola 250 kwa mtu kwa usiku. Wawili kwa usiku saba watalipa dola 3,500. Sita watalipa 10,500. Vila ya vyumba vitatu inatoza 800 kwa usiku, yaani 5,600 kwa wiki. Kwa watu sita ongezeni chakula 1,200, bahshishi ya asilimia 15 ambayo ni 840, na gari 500: jumla 8,140. Wawili wakiipanga vila hiyo hiyo watatumia zaidi ya 7,000, na kubaki na vyumba viwili vitupu.

Nyumba ya kupanga ya watu sita, kwa dola 350 kwa usiku, ni 2,450. Pamoja na usafi 150, chakula 1,300 na gari 500, inafika 4,400. Tofauti yake na vila ni dola 3,740, karibu dola 89 kwa kila mtu kwa siku. Kiasi hicho kinanunua bwawa na nafasi kubwa, na zaidi ya hapo kinanunua mikono ya watu watatu wanaopika, kufua na kusafisha. Kama dola hizo mnazo, na katika kundi kuna mtu anayehitaji kupumzishwa, zimetumika vizuri. Kama wote mnapenda jiko, mmezitupa.

Upande wa kisiwa na mwezi wa mwaka

Uamuzi mzuri wa malazi unaweza kuharibiwa na upande mbaya. Upepo wa Karibi huvuma kutoka mashariki. Magharibi mwa Barbados maji ni shwari, mtoto anaogelea. Kusini kuna mawimbi ya wastani. Mashariki, huko Bathsheba, Atlantiki inapiga miamba kwa nguvu, pazuri kwa wanaoteleza juu ya mawimbi na pa hatari kwa muogeleaji. Upande huo wa mashariki ndio pia unaopokea mwani wa sargassum, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukija kwa wingi miaka mingi, ukirundikana ufukweni na kunuka unapooza. Risoti kubwa ina matrekta ya kuuzoa. Nyumba ya kupanga haina. Mwombeni mwenye nyumba picha ya ufukwe ya wiki hiyo hiyo.

Msimu wa bei ya juu ni kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Mwaka 2024, Julai ikianza tu, Kimbunga Beryl kiliangamiza kisiwa cha Carriacou, kikavunja mashua za wavuvi wa Barbados, kisha kikapiga pwani ya kusini ya Jamaika. Tarehe 28 Oktoba 2025, Kimbunga Melissa kiliingia kusini magharibi mwa Jamaika kikiwa cha daraja la 5, la juu kabisa. Anayetaka kusafiri miezi hiyo aangalie Aruba, Bonaire na Curaçao, karibu na Venezuela, ambazo hufikiwa na vimbunga mara chache.

Kimbunga kikija, malazi hayalingani. Risoti ina jenereta, akiba ya chakula na watu wa kuwahamisha wageni, na nyingi hurudisha fedha au kubadilisha tarehe. Vila inategemea mkataba, mara nyingi wenye amana kubwa isiyorudi. Nyumba ya kupanga inategemea mtu mmoja, ambaye huenda siku hiyo anashikilia paa lake mwenyewe. Kateni bima ya safari mapema, kwa maana kimbunga kikishapewa jina, bima mpya hailipii madhara yake. Na kisiwa kinapofunguliwa tena baada ya dhoruba, nendeni. Mpishi wa vila, mama wa samaki na kondakta wa ZR hawali salamu za pole, wanahitaji wageni.

Kuamua pamoja

Si lazima kuchagua kimoja. Wengi hukaa siku nne katika nyumba ya kupanga, wakazunguka kisiwa wakiwa na nguvu, kisha wakamalizia usiku tatu risoti bila kufanya lolote. Mpangilio huo ni bora kuliko kinyume chake, kwa sababu ni vigumu kurudi kwenye sufuria baada ya kuhudumiwa.

Katika familia, kura zisiwe sawa. Watoto watachagua bwawa lenye mtelezo, baba atachagua bei, na yule ambaye amepika mwaka mzima atasema popote ni sawa, kwa sababu amezoea kusema hivyo. Yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, faraghani, na kwa swali la wazi: unataka kupika huko? Akisema anapenda kwenda sokoni na kujaribu viungo vya watu, pangeni nyumba Worthing na mumsaidie kubeba kapu. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, mmeshajibiwa: tafuteni vila yenye mpishi au risoti. Fedha zikipungua, kateni usiku mbili. Mapumziko yake msiyakate.